Maswali ya Wasomaji: Mahindi meupe yametoa punje za njano, ndo GMO hiyo?

SWALI: Mwanangu mtaalam habari za kazi. Mimi ni mama mkulima huku Mbalizi. Mwaka jana nilipanda mahindi meupe ya dukani yakazaa vizuri sana, nikachagua makubwa makubwa nikaweka mbegu. Msimu huu mengine marefu mengine mafupi, halafu kuna mahindi nimemenya nikakuta punje za njano katikati ya nyeupe. Jirani anasema hiyo ni GMO imeshaingia na shamba lote limeharibika. Ni kweli? Na hizo jeni wanazoweka zinarithiwaje?

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, hiyo siyo GMO, yaani mmea uliowekewa jeni (kipande cha urithi) maabara, shamba lako ni zima kabisa.

Hayo ya dukani yatakuwa haibridi, kama UH6303 au UH615 za hapo hapo kituo cha utafiti Uyole. Haibridi ni chavua (ule unga wa maua) ya aina moja ya mahindi imewekwa kwenye ndevu za aina nyingine, basi, hakuna jeni iliyohamishwa maabara. Ukirudia mbegu yake watoto wanagawana urithi wa wazazi kila mmoja kivyake, ndo maana umepata marefu na mafupi na mavuno yanashuka.

Sasa njano. Chukua hindi bichi moja umenye taratibu usikate ndevu, utaona kila uzi wa ndevu umeshika kwenye punje yake moja. Chembe ya chavua ikidondoka kwenye ule uzi inashuka mpaka chini na kutunga punje ile tu, kwahiyo kwenye hindi moja punje zinaweza kuwa na baba tofauti tofauti! Kuna mtu karibu yako amepanda ya njano, upepo ukaleta, na njano inaishinda nyeupe kwahiyo inaonekana msimu ule ule.

GMO yenyewe inatengenezwa hivi. Kuna bakteria wa udongoni anaitwa Agrobacterium, huyu kwa asili anasababisha uvimbe kwenye shina karibu na ardhi, na anafanya hivo kwa kuingiza kipande cha DNA yake (kemikali inayobeba jeni) mpaka kwenye kromosomu za mmea, yaani nyuzi zinazoshika jeni ndani ya seli. Wanasayansi wakaondoa zile jeni za uvimbe wakaweka wanayoitaka wao, na 1983 watafiti wa Ubelgiji na Marekani wakatangaza mimea ya kwanza ya namna hiyo. Njia nyingine ni kuzipiga seli kwa vichembe vya dhahabu au tangsteni vilivyopakwa DNA, mahindi yalianza na hii. Seli nyingi hazipokei, kwahiyo mara nyingi wanaambatanisha jeni ya kuhimili dawa ya kuua bakteria kama kanamaisini, ambayo inaua pia seli za mmea zisizo na jeni hiyo, halafu wanaziotesha kwenye dawa hiyo, zilizopokea zinabaki hai na humo ndo wanakuza mmea mzima.

Ikishakaa kwenye kromosomu inarithiwa kama jeni nyingine yoyote, kwa hesabu ile ile mtawa Mendel aliyoipata alipochunguza urithi kwenye njegere akaichapisha 1866. Kromosomu zinakaa jozi jozi, na mmea wa kwanza kwa kawaida unakuwa na jeni hiyo upande mmoja tu wa jozi. Ukijichavusha wenyewe, kwa wastani kati ya watoto 4 mmoja anaipata pande zote mbili, wawili upande mmoja, na mmoja hana kabisa. Ukichanganywa na mmea usio nayo, nusu wanapata nusu wanakosa. Hapo nasema jeni iliyoingia sehemu moja, ikiingia sehemu mbili tatu hesabu inabadilika, na saa nyingine jeni ipo ila mmea wenyewe umeizima, ndo maana watafiti wanafuatilia vizazi kadhaa kabla ya kuiamini.

Kwahiyo mama, jirani amekosea kusema shamba zima, jeni haikai kwenye udongo, inakwenda punje kwa punje. Lakini hofu yake siidharau hata kidogo, mahindi yanachavushwa na upepo na sisi huku tunaweka mbegu, jirani angekuwa na GMO punje zako za mpakani zingeweza kuipata na ungeendelea kuipanda bila kujua. Kwa sasa hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa Tanzania, jaribio la mahindi ya GMO lilikuwa Makutupora Dodoma kuanzia 2016, na 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame.

Ukitaka nyeupe ibaki nyeupe panda mbegu yako (ile ya kienyeji, siyo ya haibridi) mbali na ya mwenzio, angalau mita 200, au mpishane wiki tatu nne, halafu chagua mbegu katikati ya shamba.

SWALI: Mkuu, mimi nalima viazi mviringo Isongole. Kiazi kikiwekewa jeni na chenyewe kinapoteza kwa watoto kama mahindi?

JIBU: Hapana ndugu, ukipanda kiazi chenyewe hakuna kugawana, mche unaoota kwenye jicho la kiazi una urithi ule ule wa mama yake, jeni iliyowekwa itakuwepo msimu baada ya msimu. Kugawana kunakuja ukiotesha zile mbegu ndogo ndogo za kwenye vitunda vya kijani vinavyotoka baada ya maua, hapo kila mche unakuja kivyake. Na watoto wasile hivyo vitunda, vina sumu.