Kabla hujasaini, uliza katuni inabaki kwa nani

Juzi dogo mmoja wa Moshi kanitumia meseji saa tano usiku, "kaka nimepata mfadhili, anatoa hela yote ya katuni yangu, asilimia 100, niombee." Nilifurahi, halafu roho ikaniuma, maana miaka sita iliyopita na mimi nilishangilia hivyohivyo.

Nilikuwa na kanga wangu wa katuni. Nilimchorea chumbani kwangu Ngarenaro, Arusha, kanga jike anayeogopa mvua, sauti katia mama yangu mdogo. Miaka miwili mchana napiga picha za harusi, usiku nachora. Alipokuja mtu mwenye hela tukakaa hotelini karibu na Mnara wa Saa, mkataba kurasa 14 za Kiingereza, nikasaini palepale kwa sababu kodi ya studio ilishapitiliza. Vipindi 13 vikatoka, nikalipwa kila senti, simdai mtu.

Ila mwaka jana niko Soko la Kilombero na binti yangu, akaona daftari lina kanga kwenye jalada, akapiga kelele "Baba, kanga wako!" Nikakosa la kumjibu. Kwenye mkataba nilitoa haki zote, dunia nzima, milele, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa baadaye. Niliwaandikia wenye haki kuomba nimchore tu kwenye fulana, wakakataa. Bado inaniuma mpaka leo, sifichi.

Jamani, hakimiliki inaanza pale unapochora. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na tuna sheria yetu ya 1999, kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, kunakupa ushahidi lakini kanga alikuwa wangu hata kabla ya hapo. Hakuna aliyeniibia, nilimtoa kwa kalamu yangu mwenyewe.

Anayelipa bajeti nzima anakuona kama fundi aliyemuagizia kabati, kabati likiisha anabeba lote. Wewe mwambie unamkodishia: arushe kwenye televisheni fulani, nchi fulani, lugha fulani, miaka kadhaa, ikiisha haki zinarudi kwako. Vitabu, madaftari, midoli na msimu wa pili viandikwe pembeni, kila kimoja na bei yake. Uingereza walifika huko kwa Sheria ya Mawasiliano ya 2003, televisheni za umma zikatakiwa ziwe na kanuni za kununua kazi za watayarishaji wa kujitegemea, watayarishaji hao wakawa wanabaki na haki na kuuza kipindi kilekile nje. Sisi huku tunalindwa na tulichosaini, kwahiyo soma, soma tena, halafu mpe mwanasheria asome.

Na usiende mikono mitupu. Ukiwa na kipande chako cha bajeti, hata kidogo, unaongea kama mshirika. Mkopo nao unauma kuulipa ila unadaiwa hela, hudaiwi katuni, ilimradi hujaiweka rehani. Tuache kuona aibu kuuliza, vijana tunanyamaza mbele ya hela kama tunapewa sadaka wakati kitu cha thamani tumekibeba sisi!

Nilimwandikia dogo yote haya, akajibu, "kaka wakikasirika wakaondoka je?" Nikamwambia asisaini kitu mpaka nifike, kikao chao ni Alhamisi saa nne, asubuhi napanda Kosta ya Moshi tuusome pamoja mstari kwa mstari.