Usifungue mzinga bila moshi: kwa mwenye mizinga Kaole

Mkuu, Jumamosi usiende. Unasema mizinga yako mitano iko Kaole karibu na mikoko, unataka kurina mchana, na aliyekuuzia kakwambia achana na bomba la moshi kwa sababu linaharibu asali na kufukuza nyuki. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi hapa Muheza na bwana mmoja aliyejiita mtaalamu. Alichukua hela ya mafunzo, siku ya kufungua mzinga simu yake haikupatikana.

Tulifungua saa nane mchana, mavazi kamili, moshi hakuna. Mwanzoni nyuki walitulia. Mwenzetu aliyekuwa anarudisha kiunzi cha masega akambana nyuki mmoja kwenye ukingo. Mmoja tu. Papo hapo ikaja harufu ya ndizi zilizoiva mpaka zinalegea, na pale hapakuwa na mgomba hata wa dawa. Mlangoni nyuki walinzi walikuwa wameinua matako, miiba nje, wanapiga mbawa.

Harufu ile ndiyo king'ora chao. Inatoka kwenye tezi za mwiba, na kiini chake ni kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo imo pia kwenye harufu ya ndizi mbivu. Watafiti wa Kanada waliitambua mwaka 1962. Nyuki akikuchoma, mwiba unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, unaendelea kusukuma sumu na kutoa harufu, na wenzake wanaifuata hadi pale pale. Ukimpiga kofi aliyekuchoma, unaimwaga zaidi. Nyuki wetu hawa ni wepesi mno kuitikia, na mizinga ya jirani nayo ikaitikia.

Sisi tulikuwa na mavazi. Mbuzi wawili wa mama jirani walikuwa wamefungwa kamba kwenye mnazi. Walifia pale pale, kamba shingoni, na yule mama alikuwa amewaweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Tulimlipa kwa kuchangishana, na mpaka leo nikipita kwake natembea haraka. Nyuki nao wakahama, wakaacha masega, na majana (watoto wa nyuki) yakaliwa na siafu. Bwana mtaalamu alipopatikana akasema lazima kuna mmoja wetu alijipulizia marashi! Mtu huyo bado anafundisha, na inaniuma.

Eti moshi unafukuza nyuki. Wazee wa Handeni wamerina kwa moshi miaka yote, mbona nyuki hawajaisha? Moshi unavizibisha vipapasio vyao kwa dakika kadhaa visiinuse ile harufu, na nyuki wengi wanakimbilia kujaza asali tumboni badala ya kukukabili. Kinachoharibu asali ni kupuliza ovyo moja kwa moja kwenye masega. Tumia makumbi ya nazi yaliyokauka vizuri, moshi utoke mweupe na wa baridi; jaribu kwa kiganja, usiunguze. Puliza mlangoni mara mbili tatu, subiri kidogo, ndipo uinue mfuniko taratibu.

Ukichomwa, kwangua mwiba kwa ukucha haraka, halafu puliza moshi pale pale ulipochomwa. Harufu ya ndizi ikizidi, funga mzinga uondoke, hata kama asali unaiona. Glovu na nguo zifuliwe kabla ya kurudi, maana harufu inabaki kwenye kitambaa.

Kuhusu mchaichai wa kuvutia nyuki kwenye mizinga mitupu: ni sawa, paka pamoja na nta. Una sitrali, kemikali yenye harufu kama ya limau, na nyuki vibarua nao wanaitoa kwenye tezi wanayoitumia kuitana.

Na usirine mchana. Anza jua likizama, na kabla hujawasha bomba pita nyumba zote za karibu, waombe waingize watoto ndani na wafungue mifugo yote iliyo kwenye kamba, waihamishie mbali.