Kabla ya Kumtibu Mtoto, Mpime

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kutoka Sengerema aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina mtoto wa darasa la tano, ameona mambo mazito nyumbani kwao. Naomba unitumie mbinu za CBT za haraka haraka, vikao vitatu hivi, mitihani iko karibu."

Marahaba mwalimu, na pole na kazi. Mbinu za CBT, yaani tiba ya mazungumzo inayogusa mawazo, hisia na matendo, ninazo, ila sikutumii kwanza. "Ameona mambo mazito" haijaniambia kama mtoto analala, kama anakula, kama kuna mahali hataki kabisa kupita. Wala haijaniambia kama aliyemfanyia hayo bado analala nyumba ileile. Kama bado yupo, usimguse mtoto na masimulizi yoyote. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka tutoe taarifa, haituulizi tunajisikiaje.

Najua wengi mnaonisoma mmesomea unasihi, ustawi au ualimu kama mimi, na mnatamani kumwona mtoto akicheka tena. Mnatamani pia iwe ni nyie mliomchekesha. Ni tamaa nzuri, ila ndiyo inayotukimbiza kwenye tiba kabla hatujajua tunatibu nini.

Mwezi huu nimefunga faili la mvulana wa miaka 11. Jina simtaji, na mambo kadhaa nimeyageuza asitambulike. Baba yake alizama akivua dagaa, na sasa anaishi na bibi yake kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Bibi aliponiletea alikuwa ameshamaliza waganga na mikesha ya maombi.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu ana ugonjwa wa mwezi. Unamjia, unamwachia. Kuna siku mzima kabisa, anachota maji, anacheza mpira. Halafu siku nyingine halali, anakojoa kitandani, ukimgusa anarusha ngumi."

Shuleni walikuwa wanamchapa kwa kusinzia darasani.

Nilimkalisha mtoto peke yake, bibi akasubiri nje. Natumia dodoso la mwanasaikolojia Edna Foa na wenzake, lenye dalili 20 za jeraha la akili linalobaki baada ya tukio zito: ndoto za kutisha, kumbukumbu zinazovamia bila hodi, kukwepa watu au mahali, kujilaumu, kustuka ovyo na nyinginezo. Kila moja unauliza imemsumbua kwa kiasi gani, unaipa alama. Kisha nikamwita bibi, nikamuuliza yaleyale. Bibi alisema mjukuu wake haoti ndoto mbaya. Mtoto alikuwa ameniambia anaota karibu kila akilala, ila anauma shuka asipige kelele, kwa sababu bibi ana presha. Ukiwahoji pamoja, jibu hilo hulipati hata ukikaa nao mpaka jogoo awike.

Alama zilikuwa juu, lakini hazikueleza kwa nini ugonjwa unakuja na kuondoka. Nikampa bibi kalenda ya ukutani na peni, kila usiku mbaya aweke msalaba. Aliporudi nayo, nikaitandaza mezani. Misalaba ilikuwa imejibana upande mmoja wa mwezi, upande mwingine mweupe. Nikamuuliza tarehe zile mwezi angani ulikuwaje. Akanyamaza, kisha akasema, "Giza."

Aliyekulia mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ameshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kila giza likirudi, jioni injini zinanguruma, taa zinatandazwa ziwani, na mtoto anaondokewa na baba yake upya. Bibi hakukosea kuhesabu. Sababu tu ndiyo ilikuwa nyingine.

Tiba yenyewe ni TF-CBT, yaani CBT ya watoto walioumizwa na tukio zito, ile waliyoiunda Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger kule Marekani. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, na mlezi ana nafasi yake katika kila hatua. Vikao vya mwanzo sivielezi sana: kumfundisha mtoto kwamba mwili wake haujawehuka, kumpa majina ya hisia, kupumua taratibu kama anapoza uji. Vinachosha, lakini msiviruke.

Kazi kubwa ilianza aliposimulia. Wazo lililomla lilikuwa hili: "Baba aliingia ziwani kwa sababu niliomba viatu vya shule." Nilichora duara kwenye karatasi, nikamwambia apake rangi sehemu ya kosa iliyo yake. Alilipaka lote kwa peni ya bluu, mpaka karatasi ikatoboka. Sikumwambia "usijilaumu." Nilichora duara jingine, nikamuuliza nani mwingine alikuwepo usiku ule. Akaanza na upepo. Kisha tajiri mwenye mtumbwi, ambaye hakutoa maboya. Kisha injini iliyokuwa inazimika tangu wiki ile. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Na baba mwenyewe, yeye ndiye alikuwa anajua ziwa." Sehemu ya viatu ilibaki mstari tu.

Baadaye tukapanda ngazi ya hofu: kusikiliza sauti ya injini kwenye simu, kufika mwaloni mchana, hatimaye kukaa juu ya mawe na bibi yake jioni ya giza, taa zikiwaka mbali. Nilipompima tena alama zilikuwa zimeshuka sana. Radi ikipiga bado anastuka. Nilijivuna, sifichi.

Na nina sababu. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa darasa la tatu, na shangazi yangu alikuwamo. Msibani nilipewa soda nikaambiwa nikacheze. Miaka yote niliyopita karibu na makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa meli ile, nikishikwa na kichefuchefu, hakuna mtu mzima aliyeniuliza hata swali moja. Kwa hiyo semina fulani mkuu mmoja aliponicheka mbele za watu, eti nahoji watoto kama karani wa sensa, iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Karani wa sensa walau anabisha hodi, mzee wangu.

Wapo pia wanaosema hii ni tiba ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifanyika Moshi hapa kwetu na Bungoma kule Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, na waliotoa tiba hawakuwa wataalamu wa afya ya akili bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo hayakulingana: Kenya nafuu ilidumu kuliko kwetu. Mimi nalisoma hilo kama sababu ya kupima zaidi, siyo kuacha.

Basi pimeni. Pimeni kabla, pimeni katikati, pimeni mwisho. Mtoto mtulivu mnayemsifu kwa adabu, huyo mpimeni kwanza. Acheni kuchapa watoto wanaosinzia kabla ya kuuliza usiku wanalala wapi na na nani. Acheni "jikaze, wewe ni mwanaume" kwa mtoto wa miaka 11. Walezi muwaite, hata kama wamechoka, hata kama nauli ya daladala ni shida, maana nyumbani mtoto anarudi kwao. Na kama vikao vimekwenda na alama hazishuki, au mtoto akisema anatamani kufa, usijikaze kumtibu peke yako ili upate sifa. Mwandikie rufaa aende hospitali kubwa, kama Bugando hapa Mwanza, akaonwe na daktari wa akili, na umsindikize mwenyewe ukiweza.