Wasomaji Wanauliza: Sprusi Nyumbani

Tumehamia nyumba yenye uwanja mdogo hapa Minneapolis. Nataka kupanda sprusi ya Norway, mti wa jamii ya msonobari wenye majani kama sindano, ituzuilie upepo wa baridi, na Krismasi tuipambe. Mche una mita moja na nusu. Je, nikiuweka mita tatu kutoka ukutani, panatosha?

Hapatoshi. Mche huo unakudanganya kwa udogo wake. Sprusi ya Norway uwanjani hufika mita 12 hadi 18, na matawi ya chini hutanda upana wa mita 8 au 9. Acha angalau mita 6 kutoka ukutani, na usiiweke chini ya nyaya za umeme. Wengi hujiambia kwamba matawi yakigusa ukuta watayapunguza, lakini sprusi haichipui upya kwenye tawi kuukuu. Ukikata hadi sehemu isiyo na sindano, upara huo hauzibiki tena. Nafasi ikikosekana, nunua sprusi ya Serbia, ambayo ni nyembamba zaidi. Na kwa kuwa shida yako ni upepo, ipande upande wa kaskazini au magharibi. Kusini itakuzibia jua la majira ya baridi.

Panda mwishoni mwa Aprili hadi Mei, au katikati ya Agosti hadi Septemba. Siku chache kabla ya kuchimba piga 811, namba ya Marekani kwa wanaotaka kuchimba, waje kukuonyesha bure mabomba na nyaya zilizopita chini.

Kabla ya kuchimba shimo, tafuta mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Miche ya vitalu mara nyingi imefukiwa sentimita 5 hadi 10 kupita hapo. Chomeka waya mwembamba karibu na shina hadi ugonge mzizi mnene wa kwanza, kisha ondoa udongo wote ulio juu yake. Mizizi inayozunguka donge la udongo wa mche ikate kwa kisu. Ikiachwa, miaka baadaye hulibana shina lenyewe.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge, ila kina kisizidi donge, la sivyo mti utatitia. Rudishia udongo uleule, bila mbolea. Tandaza vipande vya mbao sentimita 7 hadi 10, ukiacha kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Mwagilia lita 30 hadi 40 kwa wiki isiponyesha, kwa misimu miwili au mitatu, na usiache mpaka ardhi igande. Sindano hupoteza maji hata kwenye theluji, huku mizizi haiwezi kunyonya kwenye barafu. Ndiyo maana Machi utaona upande wa upepo umekuwa wa kahawia. Usiukate papo hapo. Subiri machipukizi ya Mei, mara nyingi kitawi bado ni kizima.

Sprusi yetu ya buluu hapa Columbus, Ohio, inapukutika kuanzia chini. Ncha za matawi zina sindano, ndani ni matupu. Ni kiu?

Sindano za ndani zilizozeeka zikipukutika kidogo tu wakati wa kupukutika majani, ni kawaida. Hii yako inafanana zaidi na kuvu wa Rhizosphaera. Sprusi ya buluu asili yake ni Milima ya Rocky, kwenye hewa kavu. Unyevu wa Ohio haiuwezi vizuri. Chukua sindano ya zambarau au kahawia uiangalie kwa lenzi: vitundu vyeupe vya kupumulia vilivyopangwa mistari vikiwa vimegeuka vidoa vyeusi, ni huyo.

Usimchanganye na wengine wawili. Tawi zima likikauka na kutoa utomvu mweupe, huo ni ukungu wa Cytospora, hauna dawa; kata tawi siku kavu. Sindano zikipauka, gongagonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vinavyotembea ni utitiri, wapige kwa maji ya nguvu.

Kwa Rhizosphaera, nyunyizia dawa ya kuvu yenye klorothalonili au shaba sindano mpya zikifika nusu ya urefu wake, rudia baada ya wiki tatu au nne, na ufanye hivyo angalau miaka miwili. Dawa hulinda sindano mpya tu. Pale palipokuwa wazi patabaki wazi, na kama nusu ya mti imeshapukutika, bora uung'oe kuliko kulipia dawa.

Ndugu yangu ataniletea mbegu za sprusi kutoka Ujerumani. Itastawi Limuru?

Hatukushauri. Machipukizi yake hulala na kusubiri baridi kali ndipo yaamke, na baridi hiyo Limuru haipo. Mbegu zenyewe zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka zitokako. Panda podo, au saiprasi ukitaka inayokua upesi. Saiprasi ikaguliwe vidukari kwenye vitawi vya ndani. Hao walioingia Kenya karibu mwaka 1990 ndio hufanya ua ukauke kuanzia ndani kwenda nje.