Neoklasiki ni kunakili Wagiriki tu? Jibu la fundi wa mawe aliyeko Paris

Wakuu salaam.

Mleta uzi anasema atakaa Paris siku mbili akisubiri ndege ya kuunganisha, na anataka kuona majengo ya neoklasiki. Rafiki yake kamwambia asijisumbue, eti ni Wazungu wa karne ya 18 walionakili Wagiriki na Warumi, sawa na zile nguzo za kumwaga kwenye moldi tunazosimamisha barazani kule Mbezi ili nyumba ionekane ya mwenye nazo. Naona wengi hapo juu mmemuunga mkono huyo rafiki. Mimi nakataa. Niko Paris mwaka wa saba sasa, na sita kati ya hiyo nimekuwa nikikarabati majengo ya mawe, kwa hiyo nitaongea kama fundi. Historia ya sanaa sijaisomea darasani.

Nianze na aibu yangu. Nilipofika nilipanga chumba karibu na stesheni ya metro ya Stalingrad. Pale uwanjani kuna jengo la mviringo, zito, limekalishwa juu ya msingi wa mraba, na mbele lina nguzo za pembe nne zisizo na pambo lolote. Treni inapita juu kwenye daraja la chuma, karibu kabisa. Miezi minne nilipita pale asubuhi na jioni nikiamini ni tangi la maji la zamani. Kumbe ni kituo cha ushuru! Kilichorwa na Claude-Nicolas Ledoux miaka ya 1780, wakati Paris ilipozungushiwa ukuta ili kila pipa la mvinyo linaloingia mjini lilipiwe kodi. Wenye vilabu wakahamia nje ya ukuta, ambako mvinyo ulikuwa rahisi. Julai 1789, siku mbili kabla ya gereza la Bastille kuvamiwa, wananchi walikuwa wameshaanza kuchoma vituo hivi. Vilivyobaki ni vichache, na hiki ni kimojawapo.

Sasa niambieni, ni Mgiriki gani aliyejenga kitu cha namna ile? Ledoux kachukua nguzo na matao ya watu wa kale, kayapangia kazi ambayo wao hawakuwahi kuifikiria, na kaondoa mapambo karibu yote. Ukisimama mbele yake unaona mtu anayecheza na maumbo: duara juu ya mraba, kivuli juu ya ukuta mtupu.

Kwamba waliwatazama watu wa kale, hilo halina ubishi. Miji ya Warumi iliyofukiwa na volkano ilianza kufukuliwa, Herculaneum 1738, Pompeii 1748, na vijana wa Ulaya wakawa wanamiminika Italia na daftari zao za michoro. Msomi wa sanaa Mjerumani, Winckelmann, akaandika 1755 kuwasihi wasanii waige Wagiriki, na wakati huo Ugiriki yenyewe hajakanyaga (na hakuwahi kuikanyaga hadi anakufa). Msanifu majengo Mfaransa, Jacques-Germain Soufflot, naye alikwenda Paestum, kusini mwa Napoli, mwaka 1750, akapima kwa mkono wake yale mahekalu ya Kigiriki yenye nguzo fupi nene zinazoanzia sakafuni bila kitako. Huyu Soufflot ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Mfalme Louis XV aliugua akiwa Metz mwaka 1744, akaweka nadhiri kwamba akipona atamjengea upya Mtakatifu Genevieve kanisa lake. Akapona. Kazi akapewa Soufflot 1755. Walipoanza kuchimba msingi wakakuta ardhi imejaa mashimo: wafinyanzi wa enzi za Warumi walikuwa wamechota udongo pale na kuondoka zao. Yaani unataka kujenga kama Mrumi, halafu Mrumi mwenyewe kakuachia mashimo kiwanjani. Miaka ikapita wakijaza. Mfalme alipokuja kuweka jiwe la kwanza, Septemba 1764, hakukuwa na cha kumwonyesha, basi wakasimamisha turubai lililochorwa baraza nzima ya mbele kwa ukubwa wake halisi. Wakandarasi wa kwetu wangejifunza hapo.

Hilo kanisa ndilo leo linaitwa Panthéon. Ukilitazama kwa mbele utasema hekalu la Kirumi, kwisha habari. Ila ingia ndani kwa jicho la fundi. Kuba unaloliona ni matatu, moja ndani ya jingine: la chini lina tundu katikati, kupitia tundu hilo unaona mchoro ulio kwenye kuba la pili, na la tatu ndilo linalonyeshewa mvua. Paa la kumbi za pembeni linasukuma kuta kwenda nje, na kilichoizuia misukumo hiyo ni mikono ya mawe ileile ya makanisa ya Kigothi (yale marefu ya zama za kati), imefichwa nyuma ya ukuta mrefu ili usiione ukiwa barabarani. Soufflot alipenda wepesi wa mafundi wa Kigothi na heshima ya nguzo za Kigiriki, akaoanisha.

Halafu kuna chuma. Jiwe linavumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa. Ndiyo maana Wagiriki walizisogeza nguzo zao karibu karibu, kwani lenta ya jiwe ikiwa ndefu inakatika katikati. Soufflot alitaka nafasi pana, na mawe aliyokuwa nayo ni madogo. Akayachonga kama kabari, akayapanga yabanane, kisha akayatunga kwa fito za chuma zinazopita ndani kwa ndani. Iko michoro ya Rondelet, aliyemalizia jengo baada ya Soufflot kufariki 1780. Ukiiona utasema fundi wa Kariakoo kasuka nondo za lenta. Karne ya 18, wakuu! Nje ni hekalu, ndani ni nondo.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Mwaka wangu wa pili tulipewa jengo la ghorofa tano la mtindo huuhuu, la baadaye kidogo. Kona moja ya pambo la juu ilikuwa na ufa unaoingiza ncha ya kisu. Mzee aliyekuwa ananifundisha akagonga kwa mpini wa nyundo, pakatoa mlio wa kitu kitupu kama nazi kavu. Tukakata jiwe kwa msumeno (mawe ya huku ni laini, yanakatika kwa mkono), tukakuta kipande cha chuma kimekunjwa kama pini ya stepla, kinaunganisha mawe mawili. Kutu ilikuwa imepanda tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukumwa. Chuma cha unene wa kidole kimevimba mara mbili, na kwa kuwa hakina pa kwenda, kimepasua jiwe.

Wagiriki walilijua hilo. Vyuma vya Parthenon, hekalu lao kule Athens, walivizungushia madini ya risasi ili maji yasifike. Waliokuja kuikarabati mwanzoni mwa karne ya 20 wakaweka vyuma vya kawaida bila risasi, na marumaru ikapasuka ikabidi kazi irudiwe. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Unguja, na mpaka leo analalamikia watu wanaopiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, unyevu unanasa ndani na ukuta unabomoka kutokea moyoni. Nilipompigia simu kumsimulia ile kona alicheka sana.

Panthéon nayo ilipata yake. Nguzo zinazobeba kuba zilianza kupasuka mapema. Viungo vya mawe vilichongwa vikabana ukingoni na kubonyea katikati, ili kwa nje mstari uonekane mwembamba na safi, kwa hiyo uzito wote ukakalia kingo. Rondelet ikabidi azinenepeshe. Na mwaka 1985 vipande vya mawe vilidondoka toka juu, ikabidi watu wazuiwe na nyavu zitandazwe.

Kuhusu picha sina mengi, ila nenda makumbusho ya Louvre ukaione ya Jacques-Louis David ya ndugu watatu wanaokula kiapo kwa baba yao, aliyoichora Roma 1784. Ina zaidi ya mita nne kwa upana. Wanaume wamenyooka kama timazi, baba kashika panga tatu, kila kundi lina tao lake nyuma. Upande wa kulia wanawake wamelegea wanalia, kwa sababu wameoleana na kuchumbiana na familia ya maadui ambao hao ndugu wanakwenda kupigana nao: atakayeshinda, kwao kuna msiba. Mimi huwa nawaangalia hao wanawake kuliko mapanga.

Mdau mmoja hapo juu kauliza mbona kila kitu cheupe. Wasanii wa neoklasiki walidhani watu wa kale walipenda weupe, kumbe rangi ilifutika kwa karne nyingi. Aliyeandika kitabu kizito kuonyesha kwamba sanamu za kale zilikuwa za rangi, mwanzoni mwa karne ya 19, ni Mfaransa Quatremère de Quincy. Na huyuhuyu, mwaka 1791 serikali ya mapinduzi ilipoamua kanisa la Soufflot liwe makaburi ya watu mashuhuri, ndiye aliyepewa kazi ya kuligeuza. Akaona mwanga umezidi kwa nyumba ya wafu, akaziba madirisha. Ule wepesi aliohangaikia Soufflot ukazimwa. Chini kule yupo Voltaire, yupo Rousseau, na tangu 1949 yupo Félix Éboué, Mweusi kutoka Guyana ya Kifaransa aliyekuwa gavana wa Chad. Shuka ukawasalimie.

Kwa hiyo mkuu, siku ya kwanza Stalingrad asubuhi, kisha Louvre. Siku ya pili Panthéon, na usikimbilie kuingia. Zunguka kwanza nje, upande wa kuta ndefu zisizo na tundu, jua likiwa la pembeni. Utaona alama za madirisha yaliyozibwa, safu nzima, mawe yake hayajawahi kulingana na ya ukuta.