Mgogo na bahari wapi na wapi? Kwa wote mnaoniuliza inboksi

Wiki iliyopita pepa yetu ya plastiki ndogo zinazoshuka na mto mpaka baharini imekubaliwa na jarida, nikaweka stetasi, na tangu hapo inboksi ni hongera na swali moja tu. La karibuni limetoka kwa binti anasoma kemia hapa UDOM: "Kaka, mtu wa Dodoma anaingiaje kwenye mambo ya bahari?" Nijibu hapa mara moja, maana najua wengi mnaonisoma mnataka kufika huko huko.

Mimi mtoto wa Gulwe, Mpwapwa. Bahari nimeiona nimeshaota ndevu. Siku ya usaili wa ufadhili, mzee mmoja kwenye jopo (simtaji, na chuo sikitaji) kaangalia fomu yangu kacheka, "Mgogo na bahari wapi na wapi, si ukasome mambo ya mtama na ng'ombe?" Wenzake nao wakacheka. Utani naujua jamani, nimekulia humo, ila ule haukuwa utani na mpaka leo unaniuma nisiwadanganye. Ufadhili nikakosa.

Sasa jibu la swali lake lilikuwa linapita nyuma ya kwetu. Mto Kinyasungwe, huu huu unaosumbua reli kila masika kati ya Gulwe na Kilosa, unaungana na Mkondoa, unaingia Wami, na Wami unamwaga Bahari ya Hindi pale Saadani. Na Saadani ndo kuna ufukwe wa Madete, kasa wa kijani wanapanda kutaga pale. Upande mwingine maji ya Mtera yanashuka na Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na Mafia, nguva wachache tuliobaki nao wako maeneo hayo. Kwa hiyo chupa iliyotupwa korongoni Mpwapwa njia ya kwenda kwa kasa inayo, halafu mtu ananiuliza bahari inanihusu nini!

Kilichonibeba mazima ni habari ya Lulu, nyangumi muuaji aliyekutwa amekufa kisiwa cha Tiree huko Scotland, Januari 2016. Kamba za wavuvi ndo zilimnasa, ila walipopima mafuta ya mwili wake wakakuta PCB miligramu 957 kwa kilo, wakati madhara yanahesabiwa kuanzia kama 9 tu. PCB ni zile kemikali zilizokuwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Hakuna aliyekwenda kummwagia nyangumi transfoma mdomoni, ni kwamba hazivunjiki kirahisi, zinakaa kwenye mafuta, kijidudu kinazila, samaki mdogo anakula vijidudu vingi, mkubwa anakula wadogo wengi, sili anakula hao, mpaka zinafika kwa nyangumi ni mzigo, na mama akinyonyesha anamshushia mwanae. Lulu alikuwa mtu mzima kabisa lakini hakukutwa na dalili ya kuwahi kushika mimba. Mkataba wa Stockholm wa kuzidhibiti ulisainiwa 2001, ila zilizokwishaingia majini bado zinazunguka. Nilivyosoma hiyo nikasema kama transfoma ya nchi kavu inamfikia nyangumi, basi mtoto wa Gulwe naye atafika.

Ndo ushauri wangu: anza na swali lililo mlangoni kwako. Sisi tulianza na mchanga wa mtoni, tukashuka nao taratibu mpaka Wami inapokutana na chumvi, tunatafuta plastiki ndogo, zile za chini ya milimita 5. Miaka ya kusubiri vibali na hela siisimulii, haina utamu.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza, jali vitu vidogo. Kazi ya plastiki ndogo ni kuchekecha, kuelesha kwenye maji ya chumvi kali, kuchuja, kukaa na hadubini mpaka shingo ikatae. Siku ya maabara usivae poliesta, nayo ni plastiki. Mwenzangu mmoja wa Simba alikuwa haachi jezi, tukaanza kuona nyuzi nyekundu hadi kwenye maji matupu, yani yale maji safi tunayoyapitisha hatua zote ili tujue uchafu gani ni wa kwetu. Nikamwambia hawa kasa siyo wanachama, kesho njoo na shati la pamba. Ukiruka hiyo hatua ya maji matupu hesabu zako hazina maana hata ziwe nzuri vipi.

Na vijana tuache kuingia kwenye usaili tumeinamisha kichwa. Nawaona. Mnaomba msamaha kwa mlikotoka kabla hamjaulizwa. Ingia na ramani ya mto wako, weka mezani, ongea. Wa pwani hawajazaliwa na hadubini.

Binti, kemia yako inatosha, wanaopima PCB na DDT (ile dawa ya kuua wadudu) hawapigi mbizi. Waulize idarani kama gesi kromatografia, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali kama hizo, ipo na INAFANYA KAZI, maana kuwepo ni kitu kingine. Kama haifanyi, waandikie Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, ukiwa na swali moja lililoeleweka na siyo "naomba kujifunza". Wakati unasubiri wakujibu chukua chekecheo nenda mtoni, ila nenda kiangazi, masika Kinyasungwe haina mchezo.