Uliza Anko Tarumbeta: pistoni, kii na maneno ya wakwe

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Mikindani. Msimu wa korosho uliopita nilinunua tarumbeta la mtumba Dar, laki mbili na nusu, lilikuwa linalia vizuri tu. Juzi nikaona linanuka nikalifungua lote nikaliosha, kulirudishia sasa nikipuliza upepo haupiti kabisa kama kuna mtu kaziba kule mbele, alafu mausipisi, kile kipande cha kuwekea mdomo, nayo imeganda haitoki. Jirani yangu fundi baiskeli kasema nimpelekee, ana plaizi kubwa. Nimpelekee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpelekee! Mafundi baiskeli nawaheshimu sana ila hapo unampa fisi bucha alinde. Hayo makosa nimeyafanya mwenyewe, asubuhi ya harusi, mausipisi imeganda nikaishika na plaizi nikasema nizungushe kidogo tu, nikasikia "kraak", mausipisi haijatoka ila bomba lenyewe linalopokea mausipisi limejipinda na vile vishikizo vyake viwili vilivyounganishwa kwa risasi ya kulehemia vimeachia. Bi harusi aliingia ukumbini kwa ngoma tupu. Mpaka leo shangazi yake akiniona sokoni ananiuliza lile tarumbeta limepona.

Nenda kwa wauza samaki ukaombe barafu, vipande vichache tu, vifunge kwenye kitambaa uzungushie ile mausipisi yenyewe, sio bomba. Chuma kikipoa kinasinyaa. Subiri dakika chache alafu jaribu kuzungusha kwa mkono, taratibu, kwa mkono tu nimesema. Ikigoma tafuta mtu mwenye kile kifaa maalum cha kuivutia mausipisi, bendi zilizokaa muda huwa wanacho. Na siku nyingine ukiiweka usiigonge na kiganja ile "pa!" ya kujionyesha mbele za watu, hiyo ndo inayogandisha. Iweke, izungushe kidogo, basi.

Tuje kwenye upepo. Hapo hujaharibu kitu, nakuhakikishia umechanganya pistoni, vile vyuma vinavyopanda na kushuka ukibonyeza kwa vidole. Zitoe zote tatu uzikague chini ya mwanga, kila moja ina namba ndogo imechongwa, 1, 2, 3. Namba 1 inakaa karibu na mdomo wako, 3 iko mbali. Ukizibadilisha matundu hayakutani na mirija, upepo unagonga ukuta. Na hata ukiweka kwenye shimo lake sahihi bado izungushe polepole mpaka usikie kitu kimekaa, "tki", na isizunguke tena, ndo ufunge kifuniko. Watu wengi wanauza tarumbeta zima kwa bei ya kutupa eti limeziba kumbe ni hiyo "tki" tu, mi mwenyewe nilishafaidika hapo, sitasema kwa nani.

Kuosha umefanya vizuri, ila maji yawe vuguvugu, ya moto yanabandua ile rangi ya juu, na sabuni iwe ya maji ya kuoshea vyombo. Stili waya weka mbali. Pistoni weka oili yake ya valvu (valvu ndo pistoni na shimo lake), matone mawili matatu, kila unapopiga. Sio mafuta ya alizeti (nimeyaona!), yanaganda yanakuwa gundi. Mirija ya kuvuta ndo inataka kitu kizito, ukikosa grisi yake hata mafuta ya mgando yanasaidia.

Na we unakaa Mikindani, bahari iko mlangoni, kwaiyo nakwambia kitu kimoja ukishike. Shaba ya tarumbeta ni kopa na zinki zimechanganywa. Unyevu na chumvi vikikaa ndani zinki inatoka taratibu inabaki kopa tupu, laini kama biskuti iliyolowa. Utaona vidoa vya wekundu wekundu, vya pinki, na mara nyingi vinaanzia ndani ya lile bomba la mausipisi kwa sababu ndo pumzi yako inapopoa ikawa maji. Yale maji tunayoyaita mate, mengi yake wala sio mate, ni mvuke wa pumzi. Wa nje unasugua, wa ndani huuoni mpaka siku bomba linatoboka. Kwaiyo ukimaliza kupiga mwaga maji yote, puliza hewa kavu, acha likauke ndo ulifungie kwenye boksi. Tarumbeta la miaka arobaini lililokaushwa kila siku naliamini kuliko jipya linalong'aa la mtu mvivu.

Siku ukinunua lingine: vuta ule mrija mfupi wa valvu ya pili bila kubonyeza. Ukilia "po!" ujue pistoni bado inabana. Ukitoka kimya kama kijiko kwenye uji, shusha bei au ondoka.

SWALI: Bwana asifiwe kaka. Kwaya yetu huku Masasi tumepata tarumbeta mbili, vijana wanajua kupiga, lakini wakiingia na kinanda inakuwa vurugu. Mpiga kinanda anasema Do, vijana wanapiga Do, haziendani. Wazee wameanza kusema vyombo vibovu.

JIBU: Amina. Vyombo vizima, wazee wawe na subira. Tarumbeta la kawaida ni la Bi flati, maana yake kijana akipiga C yake, yaani Do yake, kwenye kinanda hiyo ni Bi flati, iko chini toni moja nzima. Kwaiyo tarumbeta lipande toni moja: kinanda kikiwa kwenye kii ya F wao wapige G, kikiwa G wapige A, kikiwa Bi flati wao wapo C wamestarehe. Wapiga magitaa ndo wabaya, wanapenda E, hapo tarumbeta linaangukia F shapu yenye shapu sita (noti sita za kupandisha nusu toni) na kijana anatoka jasho bure. Waombeni wahamie F. Mkishindwa kabisa kinanda kina kitufe cha transpozi, cha kuhamisha kii, shusheni nusu toni mbili, wote mtasema Do moja, ila waimbaji nao watakuwa wameshuka toni moja, besi wasije wakalalamika.

Na joto. Mwezi wa kumi na moja huko mnaujua wenyewe, shaba ikipata moto sauti inapanda na kinanda cha umeme hakipandi. Pulizeni kwanza dakika tano ndo mtyuni, mvute ule mrija mkubwa nje kidogo mpaka sauti zikae.

SWALI: Anko habari. Mwanangu ana miaka tisa, anataka tarumbeta mpaka analilia. Baba mkwe wangu hapa Lindi anasema mtoto wa kiume akipuliza hivo vitu atapata busha. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada. Mkwe mheshimu, ila busha halitoki kwenye tarumbeta. Mabusha na matende ya huku kwetu yanatokana na vijidudu vinavyosambazwa na mbu, kwaiyo mtoto alale kwenye chandarua, apige au asipige. Alafu mkumbushe mzee hadithi za ngoma ya beni na makundi yake, Marini na Arinoti, vijana wa pwani waliiga bendi za askari wa kikoloni wakashindana wao kwa wao, kila kundi na mashabiki wake.

Cha kuangalia ni meno. Yale ya mbele yakishaota ya ukubwani anaweza kuanza. Ukipata korneti mpe hiyo, mrija wake una urefu ule ule kama mita moja na nusu hivi ila umekunjwa zaidi, uzito unakaa karibu na kifua na mkono wa mtoto hauchoki haraka. Dakika kumi kwa siku zinatosha, akianza kuvimbisha mashavu kama chura mwambie abane pembe za mdomo. Wiki za kwanza litalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, mwambie mkwe akapumzike barazani kwa jirani muda huo.